Kipushi iko jirani, mbona mfuko wa zinki ni ghali? Jibu kwa mtengeneza rangi wa Lubumbashi

Swali: Nina karakana ndogo ya rangi katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Tunatengeneza rangi ya mafuta ya milango na mageti, na rangi nyeupe ya maji ya kuta. Mwaka jana mfuko wa kilo 25 wa oksidi ya zinki nilinunua dola 95. Sasa muuzaji anadai 128, anasema London imepanda. Mimi najua Kipushi wanatoa zinki kila siku, na ni hapo tu: mbona sisi hatupati ya bei nafuu? Tena kuna kijana ananiletea miniumu, ile poda nyekundu ya risasi ya kuzuia kutu, kwa dola 28 mfuko wa kilo 25, na ana njano ya kromu pia kwa bei ya kunishawishi. Nichukue? Na zinki, ninunue sasa au nisubiri ishuke?

Jibu: Mama, heshima yako. Nitaanza na hesabu, maana ukiwa nayo hutahitaji kubishana na muuzaji. Utamuuliza maswali mawili tu, naye atajieleza mwenyewe.

Oksidi ya zinki ni zinki iliyoungana na oksijeni. Kwa uzito, asilimia 80.3 ni zinki, iliyobaki ni oksijeni iliyotoka hewani bure. Kwa hiyo mfuko wako wa kilo 25 umebeba kilo 20 za zinki, na gramu chache za ziada. Bei ya zinki hiyo haipangwi Lubumbashi, wala Johannesburg. Inapangwa kwenye Soko la Metali la London, ambako zinki na risasi zimekuwa zikiuzwa rasmi tangu mwaka 1920, kwa mafungu ya tani 25, zinki ya usafi wa asilimia 99.995. Mtengenezaji wa oksidi, awe China, India au Afrika Kusini, hununua zinki yake akiangalia bei ya hapo, kwa kawaida wastani wa mwezi mzima. Juu yake huweka nyongeza ya kazi yake, makaa au gesi yake, mifuko yake na faida yake.

Kutokana na hayo unapata kanuni ambayo ningekushauri uiandike ukutani karakana: London ikipanda dola 100 kwa tani, mfuko wa kilo 25 wa oksidi ya zinki unapaswa kupanda dola 2. Ikishuka dola 100, ushuke dola 2.

Sasa tumrudie muuzaji wako. Amepandisha mfuko kwa dola 33. Kama sababu ni London peke yake, basi zinki ingelazimika kupanda zaidi ya dola 1,600 kwa tani kati ya ununuzi wako wa mwaka jana na wa leo. Je, hutokea? Hutokea, lakini ni nadra. Mwanzoni mwa 2016 zinki ilikuwa chini ya dola 1,600 kwa tani. Novemba 2006 ilikuwa imepita 4,500. Machi 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya umeme Ulaya na kuvitikisa viwanda vya kuyeyusha, iligusa zaidi ya 4,800 kwa muda mfupi. Mabadiliko makubwa hivyo huandikwa kwenye magazeti, hata ya Lubumbashi. Mwaka wa kawaida zinki hupanda na kushuka dola mia tatu, mia tano, mia saba. Kupanda kwa dola 500 kungekuongezea dola 10 kwenye mfuko, si 33. Kwa hiyo muulize swali la kwanza: London ilikuwa ngapi uliponiuzia kwa 95, na leo ni ngapi? Bei hiyo inaonekana kwenye simu yoyote yenye intaneti. La pili: mbona London iliposhuka hukunipigia simu?

Tuchukue mfano wa zinki ikiwa dola 3,000 kwa tani. Metali iliyomo kwenye mfuko wako ina thamani ya dola 60. Ukilipa 128, dola 68 si zinki. Hizo ni kazi ya kiwanda, meli, bandari, kamioni, mipaka, kodi, na mikono iliyopokezana mfuko hadi kwako. Hapo ndipo pesa yako inapovuja, na hapo ndipo unapoweza kufanya jambo. London huiwezi.

Mfuko wako umefika vipi? Kuna njia mbili za kawaida. Kontena hushuka Dar es Salaam, likapita Tunduma na kuvuka Zambia hadi Kasumbalesa. Au hushuka Durban, ama mzigo hutoka kiwandani Gauteng, Afrika Kusini, ukapanda na kamioni kupitia Zimbabwe au Botswana, kisha Zambia, na mwisho ni Kasumbalesa hiyo hiyo. Unaijua foleni ya pale kuliko mimi. Kamioni ikilala mpakani, mwenye kamioni anahesabu siku, na siku hizo zinaingia kwenye mfuko wako. Kisha duane (forodha), ofisi ya ukaguzi ya OCC, wakala wa kutoa mzigo, na TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Mwingizaji mkubwa aliyesajiliwa anaidai TVA yake irudi. Wewe usiyesajiliwa unaibeba yote. Baada ya hapo kuna mwenye ghala, halafu muuzaji wa jumla, halafu muuzaji wako. Kila mmoja akiweka dola 8 tu, tayari ni 24, na bado hakuna aliyekuibia.

Omba kuona fakture (ankara) ya mwingizaji unapoweza. Namba ya forodha inasema mengi: oksidi ya zinki huingia kwa 2817, poda nyeupe ya titani kwa 3206.11, litoponi, poda nyingine nyeupe yenye zinki kidogo, kwa 3206.42, oksidi za risasi kwa 2824, na rangi zenye kromu kwa 3206.20. Nimeona mfuko ulioandikwa "blanc de zinc", yaani zinki nyeupe, ambao karatasi zake zilikuwa za litoponi. Litoponi si bidhaa mbaya, nitaitaja tena, ila hailipwi bei ya zinki.

Sasa Kipushi, maana ndiyo sehemu inayouma.

Mgodi wa Kipushi uko kilomita 30 hivi kutoka mjini, na zinki yake si hadithi. Ulifunguliwa mwaka 1924 na Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ukaja mikononi mwa Gécamines, kampuni ya serikali, ukasimama 1993, na uzalishaji ukaanza tena Juni 2024 chini ya ubia wa Ivanhoe Mines na Gécamines. Lile fungu wanaloliita Big Zinc lina zinki ya wastani wa asilimia 35 hivi, wakati migodi mingi duniani hufurahia kupata asilimia 5 hadi 10. Utajiri upo kweli.

Lakini kinachotoka Kipushi si zinki, na wala si kitu cheupe. Ni konsentre: mawe yaliyosagwa, yakaondolewa uchafu mwingi, ukabaki unga mzito wa kahawia-kijivu ambao karibu nusu yake au zaidi ni zinki iliyofungamana na salfa. Ukiona mtu anauza poda nyeupe akisema "hii ni ya Kipushi", anakuuzia jina la Kipushi.

Ili unga huo uwe zinki, ni lazima kwanza uchomwe kwenye tanuri salfa itoke kama gesi, na gesi hiyo ikamatwe igeuzwe asidi, la sivyo mtaa mzima unakohoa na mimea inakauka. Kinachobaki kinayeyushwa kwenye asidi, kinasafishwa kuondoa kadimiamu, shaba na vingine, kisha zinki inavutwa kwa umeme. Tani moja inameza zaidi ya kilowati-saa 3,000 kwenye hatua hiyo ya umeme tu. Mama, wewe mwenyewe unajua kurenti ya Lubumbashi inavyokwenda, na migodi ya Katanga inanunua sehemu ya umeme wake Zambia. Nani ataleta kiwanda cha aina hiyo bila umeme wa uhakika? Zamani kilikuwepo: zinki ya Kipushi ilikuwa ikikamilishwa Kolwezi, kwenye kiwanda cha zinki kilichojengwa miaka ya 1950. Kizazi cha wazazi wetu kiliiona zinki ya Kongo ikitoka kama vipande vya metali. Sisi tunaiona ikipita kwenye kamioni ikiwa vumbi.

Na si Kongo peke yake. Afrika Kusini ilifunga kiwanda chake cha kuyeyusha zinki, Zincor cha Springs, mwaka 2011. Namibia ilikuwa na Skorpion, kilichoanza 2003, nacho kikasimama 2020. Wakati huohuo mgodi mkubwa wa Gamsberg ulizinduliwa Afrika Kusini mwaka 2019, na sasa Kipushi imerudi. Kwa hiyo upande wetu huu wa bara unachimba zinki nyingi na kuipeleka ng'ambo ikayeyushwe huko. Mtengenezaji wa oksidi wa Gauteng hutegemea zinki ya kuagiza, au mabaki ya viwanda vinavyopaka zinki mabati na vyuma: majivu na makapi ya sufuria zao. Unapolipa nauli ya mfuko wako, unalipa safari ya zinki ambayo huenda ilianzia jirani yako, ikavuka bahari, ikarudi.

Hata kama kiwanda kingekuwepo Kipushi kesho asubuhi, usitegemee kuuziwa kwa bei ya kijiji. Mwenye metali hawezi kukupa kwa dola 2,000 kitu ambacho London inakilipa 3,000. Ungeokoa nauli na mipaka, basi. Hiyo si kidogo, kwenye mfuko wako inaweza kuwa dola 15 au 20, ila bei ya metali ingebaki ile ile. Hata konsentre yenyewe imefungwa kwa hesabu ya London: kiwanda cha kuyeyusha kwa desturi humlipa mwenye mgodi asilimia 85 ya zinki iliyomo, kikatoa gharama ya kuyeyusha. Gharama hiyo nayo hupanda na kushuka. Bei elekezi ya mwaka 2023 ilikuwa dola 274 kwa tani ya konsentre, 2024 ikawa 165, na 2025 ikaporomoka hadi 80, kwa sababu viwanda vilikuwa vingi na konsentre haba. Kipushi iliingia sokoni wakati wayeyushaji wakigombania mzigo. Kwa mgodi hiyo ni bahati. Kwako wewe haibadilishi kitu.

Hilo la bei tuliache, tuangalie unachonunua na kama unakihitaji kweli.

Oksidi ya zinki hutengenezwa kwa njia kuu mbili. Ya Kifaransa huchukua zinki safi, ikaichemsha mpaka ikawa mvuke, juu ya nyuzi 907, na mvuke huo ukawaka hewani ukawa poda nyeupe laini. Ya Kimarekani huanza na madini au mabaki moja kwa moja, ikichanganya na makaa. Hiyo ni rahisi zaidi na ina uchafu zaidi. Kwenye mifuko ya njia ya Kifaransa utakuta daraja za muhuri: wa dhahabu, mweupe, wa kijani, mwekundu. Mwekundu ndio wa chini, na bado ni wa usafi wa asilimia 99 na ushee. Dawa za ngozi zinahitaji daraja za juu. Rangi ya geti haihitaji. Kama unauziwa muhuri mweupe kwa sababu "ni mzuri zaidi", unalipia weupe ambao mteja wako hatauona.

Ujue pia kwamba karibu nusu ya oksidi ya zinki duniani huenda kwenye mpira, hasa matairi. Watengeneza rangi ni wateja wadogo, bei haitusikilizi sisi. Viwanda vya matairi vikipunguza kazi, oksidi hulegea, vikiongeza, tunafuata.

Na swali ambalo hukuniuliza: kwa nini unatumia zinki kuwa weupe mkuu wa rangi yako ya kuta? Ni urithi wa zamani. Zinki nyeupe iliingia kwenye rangi za nyumba huko Paris miaka ya 1840, pale mkandarasi wa kupaka rangi aitwaye Leclaire alipoisukuma ichukue nafasi ya risasi nyeupe iliyokuwa ikiwaua mafundi wake. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati ule. Lakini kwa kufunika ukuta, poda ya titani ya aina ya rutili huishinda zinki mara tano au zaidi, na siku hizi bei zao kwa kilo si mbali sana. Hesabu mwenyewe: ukiweka kilo moja ya titani pale ulipokuwa ukiweka kilo nne za zinki, ukajazia unga laini wa mawe ya chokaa yaliyosagwa vizuri, rangi inafunika sawa au zaidi na pesa inabaki. Wapo watakaokuambia titani ni ya viwanda vikubwa. Si kweli, inahitaji tu kusagwa na kutawanywa vizuri, na dawa ya kutawanya ambayo huenda tayari unayo.

Kwenye rangi ya maji, zinki ina ubaya mwingine: huachilia chembe zinazogombana na gundi ya akriliki, na ndoo uliyofunga ikiwa laini unaifungua baada ya wiki kadhaa ikiwa uji mgumu. Kama umewahi kurudishiwa ndoo zilizoganda, angalia hapo kwanza kabla ya kumlaumu fundi wako.

Zinki ibaki kwenye rangi ya mafuta, kwa kiasi kidogo. Inaifanya ikauke ngumu, inaikinga na jua, na inazuia kuvu, ambayo msimu wa mvua Lubumbashi, kuanzia Novemba, huchora kuta zote za upande usiopata jua. Usizidishe: zinki nyingi kwenye mafuta huleta mipasuko. Ukiitumia kama kiungo na si kama unga mkuu, unaweza kushuka kutoka mifuko kumi hadi miwili au mitatu, na ugomvi wa dola 33 unakuwa mdogo wenyewe. Kwa rangi nyeupe za bei ya chini za ndani ya nyumba, litoponi pia inafaa: ni mchanganyiko wa salfidi ya zinki, asilimia 28 hadi 30, na salfeti ya bari. Zinki yake ni chache, kwa hiyo London haiigusi sana. Isilale juani tu, maana inachakaa haraka nje.

Kupima kama ulichoinunua ni zinki kweli: weka kijiko kidogo kwenye siki. Ikitoa povu jingi, kuna unga wa mawe ya chokaa ndani. Ikitulia na kuyeyuka polepole bila kubakiza mashapo, ni dalili nzuri. Ikikataa kabisa kuyeyuka, ni titani, bari au litoponi. Kisha pasha nyingine kidogo kwenye kijiko cha chuma juu ya mbabula (jiko la makaa): oksidi ya zinki hugeuka njano ikiwa ya moto na kurudi nyeupe ikipoa. Fanya hivyo kwa poda nyeupe ya zinki tu. Poda nyekundu au njano usiithubutu kuiweka motoni, na sababu inafuata.

Miniumu ya dola 28. Hesabu ni ile ile. Miniumu halisi ni asilimia 90.7 risasi. Mfuko wa kilo 25 una kilo 22 na nusu za risasi na kidogo. Risasi ikiwa dola 2,000 kwa tani London, metali peke yake ndani ya mfuko ni dola 45, kabla ya kiwanda, meli na Kasumbalesa. Kijana wako anauza kwa 28. Ili bei yake iwe ya halali, risasi ingebidi iwe chini ya dola 1,250 kwa tani na kila mtu njiani afanye kazi bure. Risasi haijauzwa kwa bei hiyo London tangu 2009. Yaani si miniumu, au si yake.

Inaweza kuwa nini? Mara nyingi ni oksidi ya chuma nyekundu, labda imechanganywa na matofali yaliyosagwa. Jaza kikombe kimoja kwa poda yake na kingine kwa oksidi ya chuma ya kawaida, gonga vyote viwili vitulie, upime. Uzito wa miniumu kwa ujazo ni karibu mara tisa ya maji, oksidi ya chuma ni karibu mara tano, tofali si hata tatu. Poda hushika hewa, kwa hiyo vikombe havitakupa namba hizo kamili, lakini miniumu ya kweli mkono wenyewe unaijua. Kipimo cha uhakika zaidi kiko mjini tayari: mashine ya mkononi ya mionzi ambayo madepo ya madini hutumia kusoma shaba na kobalti, ile ambayo wachimbaji wanaiita Metorex hata ikiwa ya chapa nyingine. Mingi ya hiyo inasoma risasi na zinki pia kwa sekunde chache. Mwenye depo uliyezoeana naye anaweza kukupimia sampuli kwa bei ya soda.

Na kama mashine ikisema ni risasi kweli? Basi nina wasiwasi zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya risasi duniani huenda kwenye betri, na risasi ya bei ya kutupa huwa inatoka kwenye betri za magari zilizopasuliwa na kuchomwa uani. Poda ya hivyo haina kiwango, ina asidi, na mtu aliyeichoma ameshapaka ua wake na watoto wake.

Lakini hata ingekuwa miniumu safi yenye karatasi zote, nisingekushauri. Sisemi hivi kwa sababu ya sheria za Ulaya. Safari ya kwenda Lusaka inapita Kabwe. Pale walichimba na kuyeyusha risasi na zinki tangu mwanzo wa karne iliyopita mpaka 1994, na mpaka leo watoto wanaocheza kwenye udongo wa mitaa iliyo karibu na mgodi wana risasi kwenye damu kwa viwango vya kutisha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi haiharibu tumbo ikaondoka. Inakaa kwenye mifupa, inapunguza akili. Kwenye karakana yako anayefungua mfuko ni nani? Anayefagia jioni? Watoto wa jirani hupita hapo wakitoka shule? Geti lililopakwa miniumu likianza kubanduka, au fundi akilikwangua kwa brashi ya waya ili alipake upya, vumbi lake ni risasi.

Njano ya kromu ni hadithi hiyo hiyo ikiwa na ubaya wa pili, maana ni kromati ya risasi: risasi pamoja na kromu ya aina inayoleta saratani. Risasi ni asilimia 64 ya uzito wake. Kenya, Ethiopia na Kamerun zimeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni kwenye rangi. Rangi yenye asilimia 10 tu ya njano hiyo ina sehemu 64,000, mara mia saba na zaidi ya kikomo. Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Siku utakapotaka kuuza ndoo zako Nairobi, hilo litakuwa swali la kwanza. Ulaya nayo ilifunga mlango kwa kromati za risasi Mei 2015 isipokuwa kwa vibali maalumu, na poda inayokataliwa kule hutafuta milango mingine. Bei ya kukushawishi huwa inatoka hapo.

Badala yake, kwa mageti: oksidi ya chuma nyekundu pamoja na fosfati ya zinki. Fosfati ina zinki chini ya nusu ya uzito wake, kwa hiyo London ikipanda dola 100, mfuko wa kilo 25 unasogea kama dola moja tu. Inahitajika kwa asilimia ndogo kwenye primeri (rangi ya chini), inazuia kutu vizuri, na fundi anaweza kukwangua bila kuogopa risasi. Fundi atakulalamikia kwamba si nzito mkononi kama miniumu. Mwache alalamike. Kwa njano, oksidi ya chuma ya njano inatosha kwa rangi ya udongo na kuta. Ni tulivu juani na ni ya bei ndogo. Ukitaka njano kali ya kamioni na vibao, utalazimika kununua ya kikemia isiyo na risasi, ambayo kwa kilo itakushtua. Hapo kumbuka unanunua poda kwa kilo lakini unauza rangi kwa lita: poda hizo ni nyepesi sana, kilo moja hujaza mara nne ya kilo ya njano ya kromu, na nyingine zina nguvu ya rangi zaidi. Kadiria kwa ndoo, si kwa mfuko.

Limebaki la kununua sasa au kusubiri. Mimi singesubiri London, kwa sababu kwa mifuko unayohitaji ukishabadilisha mapishi, kushuka kwa dola 200 kunakupa dola 4 kwa mfuko, na kukosa mzigo wiki mbili kunakupotezea wateja. Nunua mifuko mitatu sasa, kwa muuzaji mwingine ukiweza, baada ya kumwonyesha hesabu huyu wa kwanza. Wengi hushuka wenyewe wakijua unajua. Wakati huohuo zungumza na watengeneza rangi wengine wa komini za Kenya, Katuba na Kamalondo mlete tani mbili au tatu pamoja kwa mwingizaji mmoja, na mkubaliane naye kwa maandishi: wastani wa London wa mwezi uliopita, mara 0.80, kujumlisha nyongeza moja isiyobadilika kwa miezi sita. Mbishane naye juu ya nyongeza hiyo tu. Akikataa kuandika fomula na kutaka kutaja bei mwenyewe kila mwezi, tafuteni mwingine.

Kijana wa miniumu mrudishie sampuli yake ikiwa imefungwa kwenye plastiki, na aliyeishika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.